Kamama Pembeni mwa Meza

Meza ile haiwezi kutoka chumbani. Niliiunga humo humo, ubao baada ya ubao, na nilipomaliza ndipo nilipokumbuka kupima mlango. Mke wangu alisimama kizingitini, mkono kiunoni, akaitazama meza, kisha akanitazama mimi.

"Papa," akasema, "nyumba ikiungua, tutaanza kutoa nini? Meza ao batoto?"

"Meza haitoki."

"Basi, iko muzuri. Tutatoa batoto."

Watoto wenyewe walikuwa wamekwisha kuhama, kila mmoja na maisha yake mbali na mtaa wetu wa Hewa Bora, ndiyo maana chumba kilikuwa wazi. Juu ya meza hiyo nilikuwa najenga mji kwa ajili ya watu wadogo ambao nimewakusanya tangu ujana: abiria wa reli na masanduku yao, wakulima, sista mmoja, polisi, mwanamke mwenye ndoo, mwanamume anayesoma gazeti akiwa amesimama. Wengine ni wa plastiki, wachache ni wa risasi. Hakuna anayefikia urefu wa kidole changu cha mwisho. Mtaani wanawaita tubantu, yaani vijitu, na mimi naitwa Papa wa Tubantu, jina ambalo sikulichagua.

Watu hao siwabadilishi. Rangi ikibanduka naipaka upya kama ilivyokuwa, basi. Ninachotengeneza ni mahali pa wao kusimama, na mahali hapo panatokana na vichezeo vya mitumba. Muuzaji wangu yuko Kamalondo, mama mmoja ambaye wazee wake walikuja kutoka Maniema. Anafungua balo, robota zima la nguo za watoto, na katikati ya soksi na makoti yanatoka magari yasiyo na magurudumu, majiko ya plastiki, wanyama wasio na masikio. Ananiwekea pembeni, kisha ananitesa kwa maneno.

"Papa wa Tubantu! Leo kuko nyumba ya binti wa mufalme. Rangi ya rozi kabisa, tangu chini mpaka juu."

"Mlango wake ni mrefu mno."

"Weye unakuya kununua mulango? Mie nauzisha nyumba!"

Lakini mlango ndio unaoamua kila kitu. Anayeanza kazi hii huchukua nyumba ya mdoli, huweka mtu wake mbele yake, na hapo mtu anakuwa panya. Mimi nilijifunza polepole, kwa majarida ya zamani ya Kifaransa na kwa kuharibu vitu vingi, kwamba nyumba kama hiyo inakatwa chini ya madirisha. Ghorofa ya chini inatupwa, dirisha linakuwa mlango, na kasri ya waridi inakuwa duka la kona lenye baraza. Halafu mng'aro lazima uondoke, maana plastiki inajulikana kwa mng'aro wake kabla haijajulikana kwa umbo. Nasugua kwa msasa, naosha kwa sabuni, napaka rangi isiyong'aa, na kabla haijakauka napuliza vumbi jekundu la uani kwetu. Gereji ya kuchezea yenye ngazi za magari ilinipa stesheni. Rafu za jiko la kitoto ni vibanda vya soko. Ngozi ya mjusi mkubwa wa mpira, nikiikata na kuikunja, inakuwa kichuguu. Manyoya ya dubu, yakilowekwa katika chai na kukatwa kwa mkasi bila utaratibu, ni majani ya kiangazi. Barabara tu ndiyo haikutoka kwenye kichezeo: nimeimwagia mchanga mweusi wa masalio ya shaba, ambao katika mji huu unaupata popote unapoinama.

Kazi hiyo ilinituliza. Mimi ni mtunza bohari. Mchana kutwa naangalia vitu vya mtu mwingine vikiingia na kutoka, na nilihitaji mahali ambapo kitu nikikiweka kinabaki.

Kisha, mwanzoni mwa kiangazi, mama mkwe alianguka nyumbani kwake Kasenga. Alianguka kati ya jiko na nyumba, akalala chini hapo mpaka jirani aliyekuja kuomba moto akamkuta. Mke wangu alipanda basi, akaenda, akarudi naye. Nyonga haikuvunjika, lakini mguu ulikuwa haumtii, na alitembea kwa fimbo. Chumba kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu. Kitanda kiliwekwa kando ya meza yangu, na mama mkwe akalala ubavuni mwa mji.

Lazima nieleze jambo moja. Kwa watu wa upande wa mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawasemezani moja kwa moja. Si chuki. Ni heshima, na ukiizoea unajisikia salama ndani yake. Iko njia ya kuilegeza: familia ya mke inapika, inamkaribisha mkwe, naye anaingia nyumbani kama mtoto. Kwetu siku hiyo iliahirishwa, kwanza kwa sababu ya barabara, baadaye kwa sababu tulikuwa tumezoea kuishi bila yake. Sasa yule ambaye sikupaswa kukutana naye alikuwa ndani ya nyumba yangu, na chumba anacholala mama mkwe, mkwe haingii akiwemo.

Tuliishi kama treni mbili kwenye reli moja. Mke wangu, ambaye anashonea barazani, ndiye aliyetupisha. Asubuhi nilitoka kwa mlango wa jikoni. Jioni nilikohoa tangu langoni. Mama akitaka kuota jua, mke wangu alipaza sauti: "Mama iko inje!" Hapo nilikuwa na ruhusa ya kuingia chumbani, nikiinamisha kichwa hata kama hapakuwa na mtu, na kufanya kazi kidogo mpaka niliposikia fimbo ikirudi.

Fimbo hiyo haikutulia. Ilienda dirishani, ikarudi kitandani, ikaenda tena. Mimi nami nilikuwa upande wa pili wa ukuta, sina meza, sina kisu mkononi, natembea sebuleni kutoka kabatini hadi mlangoni. Wakati mwingine nilitambua kwamba tunatembea kwa pamoja, yeye huko na mimi huku, na nilikaa chini kwa aibu.

Alitaka kurudi Kasenga. Mke wangu hakutaka kusikia. Walibishana kila siku, na ukuta wetu hauzuii kitu.

"Nyumba yangu inabaki na nani?"

"Nyumba haina njaa, mama."

"Na kuku?"

"Kuku jirani amekwisha kuzikula. Tulia."

"Basi nitaenda kukula jirani."

Walicheka wote wawili. Kisha mke wangu akasema, kwa sauti nyingine: "Utaanguka tena, mama. Nani atakusikia?" Na cherehani ikaanza kukimbia, maana hiyo ndiyo njia yake ya kufunga mazungumzo.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilidhani kunyamaza ni kukaa katikati.

Katika soko la mezani kuna kamama kamoja ka risasi, kazee kuliko watu wangu wote. Kameinama kidogo, kenye kitambaa kichwani na kikapu mkononi. Mahali pake ni mbele ya kibanda cha mkate, uso ukielekea kwa muuza mkate. Siku moja nilipoingia nikakakuta kamesimama nje ya soko, karibu na stesheni. Nikakarudisha. Siku nyingine kalikuwa kamepita stesheni. Nikakarudisha. Baadaye kalikuwa barabarani, kameupa mji mgongo.

Mimi siamini mambo kabla sijayapima. Nilifikiria malori yanayopita na kutikisa kuta. Nikamwaga mchanga laini kuzunguka miguu yake: kama kanateleza, lazima kaache mkwaruzo. Safari iliyofuata kalikuwa mbali tena, na mchanga ulikuwa haujaguswa. Kwa hiyo kalikuwa kameinuliwa. Nikahitimisha kwamba mama mkwe anapangusa vumbi mezani, na kwamba macho yake hayakumbuki kila mtu alisimama wapi.

"Mwambie mama asijisumbue na meza," nilimwomba mke wangu.

Aliingia, akatoka. "Anasema asante. Anasema atajisumbua tu."

Sikuelewa jibu hilo, na halikunifurahisha. Nilianza kuharakisha kurudi kutoka kazini ili nione kamama kako wapi. Boharini nilihesabu magunia nikayahesabu upya kwa sababu akili ilikuwa mezani. Kila nilipokakuta barabarani nilikarudisha mbele ya mkate, kwa usahihi, uso kwa uso na muuzaji, nikipima kwa rula. Mwishowe nilichoka. Nilichukua gundi kali, nikaweka tone chini ya miguu ya kamama, nikakabana sokoni mpaka kakashika.

Baada ya hapo fimbo ilinyamaza.

Mwanzoni niliona ni amani. Lakini mama mkwe hakutoka tena kuota jua. Bukari, ugali wake, ilirudi jikoni na alama ya vidole pembeni tu. Mke wangu aliingia na kutoka, akaniambia labda ni mguu, labda ni vumbi la kiangazi. Hakuimba tena akishona. Na mimi, ambaye sasa sikupata nafasi ya kuingia hata kidogo, nilizunguka uani nikisugua vipande vya plastiki ambavyo havikuhitaji kusuguliwa.

Huko uani ndiko muuzaji wa Kamalondo alinikuta. Alikuwa amemletea mke wangu kitenge cha kushona, na kwa kuwa yeye hasalimii kwa haraka, aliingia kumwona mgonjwa, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alizunguka nyumba akanisimamia mbele.

"Papa wa Tubantu, weye uko muntu mubaya."

"Nimefanya nini?"

"Umemubandika mama ya bantu na kole."

"Nimebandika sanamu."

"Sanamu!" Alipiga makofi, akatazama juu kana kwamba anatafuta shahidi. "Kale kamama si yeye? Anakuomba njia. Kila siku anakuomba: mukwe, niache niende kwangu. Na weye kila siku unamushika mukono, unamurudisha sokoni. Sasa umemufunga na miguu. Amelala pale, anasema: mukwe amekata neno."

Nilibaki na msasa mkononi. "Angeniambia," nikasema.

"Na kinywa gani?"

"Kwa mke wangu."

"Bibi yako? Ule anayelia mama yake akisema neno Kasenga? Hiyo habari ingefia kwenye cherehani." Akashusha sauti. "Mama iko chini ya paa yako. Hawezi kutoka bila neno yako, na hawezi kukuomba neno. Alitafuta mulango, akapata meza."

Alisema kweli katika kila sentensi, na kilichonisumbua zaidi ni kwamba nilikuwa na vipimo vyote. Nilijua kamama kameinuliwa. Nilijua kanakoelekea kila mara. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa sababu.

Nilimwomba amtoe mama nje, kwa njia yoyote. Alirudi ndani na sauti yake ilisikika mpaka barabarani: "Mama, jua iko bule unaiacha? Huku Lubumbashi tunalipa kila kitu, jua peke yake ndiyo hatulipe! Simama, tutembee!" Baada ya muda nikasikia fimbo, polepole, kuelekea barazani. Hakuna aliyeita. Niliingia.

Gundi ile ilikuwa imeshika vizuri, kama kazi zangu zote. Nilipitisha wembe chini ya miguu ya kamama, nikasukuma kidogo kidogo, na kalipoachia kaliondoka na kipande cha soko: udongo mwekundu, mchanga kidogo, na uzi wa manyoya ya dubu. Sikukisafisha. Nilikasimamisha mwisho wa barabara, pembeni kabisa mwa meza, uso ukielekea nje.

Nilikuwa nimefika mlangoni, nikarudi. Nilikumbuka jirani aliyekuja kuomba moto, na kwamba siku hiyo angeweza kuwa na kiberiti chake, asije. Mke wangu hakuwa mjinga kuogopa. Nikachukua mwanamke mwenye ndoo, nikamweka karibu na kamama. Maana yangu ilikuwa: nenda, lakini usikae peke yako.

Fimbo ilirudi chumbani, ikasimama. Ilisimama muda mrefu mbele ya meza. Kisha nikaisikia ikitembea tena, dirishani, kitandani, dirishani, na katika maisha yangu sijawahi kufurahia kelele namna ile.

Kesho yake mama mkwe alitoka mwenyewe kwenye jua. Kamama kalikuwa palepale. Mwanamke mwenye ndoo alikuwa amerudishwa bombani kwake. Nikaweka sista. Sista akarudishwa kanisani, akageuzwa uso ukutani. Nilifikiri sana, nikaweka polisi. Nilipoingia tena polisi alikuwa amelazwa kifudifudi katikati ya barabara, kofia mchangani, na siku hiyo mama mkwe alikuwa amecheka peke yake chumbani mpaka mke wangu akasimamisha cherehani kusikiliza.

Ndivyo mke wangu alivyotugundua. Aliingia kutandika kitanda, nami nikiwa humo nimeinama juu ya abiria wa stesheni nikichagua.

"Nani amelalisha polisi?"

"Mama."

Jicho la mshonaji haliachi kitu. Aliangalia polisi, akaangalia barabara, akafika kwa kamama pembeni. Nilimweleza yote kwa mpangilio, tangu mchanga hadi gundi. Alikaa kitandani kwa mama yake.

"Munafanya kikao juu ya mama yangu," akasema, "na mie niko palepale barazani, nashona?"

"Wewe ndiye ungetuletea habari."

"Ningeleta."

"Ungeleta?"

Nje, mama mkwe alikuwa anafukuza kuku wa jirani kwa fimbo, akiwatukana kwa Kibemba. Mke wangu alisikiliza. Kuku wa Hewa Bora hawakumheshimu hata kidogo, ilisikika.

"Na huyu kamama," akasema mwishowe, "iko na nani kule mwisho?"

"Bado. Anakataa wote."

Alisimama, akaja mezani. Hajawahi kugusa watu wangu. Alikuwa akipita mbali nao akiwa amekusanya kitenge, asije akaangusha mtu. Aliangalia stesheni, akachukua mwanamke mwenye sanduku, abiria ambaye kwa muda wote huo alikuwa amesimama kwenye jukwaa bila treni. Alimweka karibu na kamama, bega kwa bega. Alitoka bila kutandika kitanda.

Mwanamke mwenye sanduku hakurudishwa popote.

Nilifikiri nilikuwa nimeandaa mambo yote, na hilo sikuwa nimeliandaa. Nilidhani tutampata binamu, mjukuu, jirani wa kulipwa. Mke wangu alifunga cherehani katika blanketi, akafunga vitambaa vya kuwashonea wateja wa Kasenga ambao hakuwa nao bado, akasema atakaa huko mpaka mguu utii, labda mpaka mvua. "Weye unajua kupika chai," akaniambia. "Na kuko dubu wa kuloweka."

Kituoni nilipakia mizigo, kisha nikasimama mbele ya basi, uso ukielekea upande mwingine, kama inavyopasa. Mama mkwe alikuwa ameketi dirishani. Alisema na binti yake, kwa sauti ya kutosha watu wa basi zima.

"Mwambie mukwe wangu, meza yake iko muzuri. Lakini bantu yake habasalimiane. Kila mutu anaangalia upande yake."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimewapanga wote waangalie bidhaa, au barabara, au gazeti.

"Mwambie mama," nikamjibu mke wangu, nikiangalia gurudumu, "wote pale ni wakwe."

Kicheko kikatoka dirishani, na watu wa basi wakacheka naye bila kujua kisa. Sikugeuka. Basi liliondoka, nami nikaona vumbi lake tu.

Sasa mvua imeanza. Chumba kimerudi kuwa changu, naweza kuingia saa yoyote, na bado nasimama mlangoni nisikilize kabla sijashika kitasa. Nimeanza jengo jipya kutoka kwenye simu ya kuchezea, vitufe vyake vitakuwa madirisha, na sijalimaliza. Nakata kidogo, naamka, naenda barazani mahali cherehani ilipokuwa, narudi. Wote mjini nawapangusa kwa brashi. Wale wawili wa pembeni siwagusi. Vumbi limeanza kuwakaa mabegani.

Juzi mke wangu alipiga simu. Nyuma yake nilisikia fimbo ikigonga sakafu ya udongo, mlio tofauti na wa kwetu, mzito, usio na haraka. Aliniambia mama anatembea mpaka kisimani. Akaniambia watu wa Kasenga wanapenda mikono mifupi. Kisha akauliza:

"Tubantu twetu tuko wapi?"

"Palepale."

"Hautujarudisha sokoni?"

"Hapana."

"Basi mie unigeuze. Kidogo tu. Niangalie upande wa mji."

Niliweka simu mezani bila kuikata, nikamshika mwanamke mwenye sanduku kwa vidole viwili. Nikamgeuza kidogo. Ikawa haitoshi, anaonekana anaangalia kichuguu. Nikamgeuza tena, ikazidi, kamama kakabaki peke yake. Kutoka kwenye simu mke wangu aliuliza kama nimemaliza. Nikamwambia asubiri.